Kupima unyevu kwenye nyumba za kale: maana yake nini?

Kupima unyevu wa jengo la kale ni kutafuta maji yanatoka wapi kabla fundi hajashika mwiko. Kuta kongwe za Mikindani, na za Kilwa Kivinje vilevile, miji ya pwani ya kusini mwa Tanzania, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji na kuyatoa. Ukavu kabisa haukuwahi kuwa tabia yake.

Doa la juu linalotanuka wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi ni paa au mchirizi. La chini, usawa wa goti, huenda ni maji ya ardhini yanayopanda kupitia vitundu vya jiwe. Kuna pia mvuke: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huacha umande juu ya chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Ukiweka kiyoyozi, kila mlango unapofunguliwa ukuta uliopoa hutoka jasho, na nyuma ya kabati huota kuvu.

Kinachochanganya watu zaidi huku pwani ni chumvi, iliyoletwa na upepo wa bahari na mchanga wa ufukweni. Chumvi ya kawaida hunyonya mvuke hewani unyevu ukivuka asilimia 75 hivi, jambo la kawaida usiku wa masika. Basi ukuta unalowa alfajiri na kukauka mchana, wala hakuna bomba lililopasuka. Ikikauka hugeuka fuwele, zinazomenya lipu na kumwaga unga sakafuni.

Tena chumvi hudanganya kile kifaa cha sindano mbili cha kupimia unyevu, kwa kuwa kinapima jinsi umeme unavyopita ukutani, na chumvi yenye unyevu huupitisha kwa urahisi. Ripoti iliyotegemea kifaa hicho peke yake mimi siiamini. Afadhali kuchukua kipande cha lipu kutoka ndani ya ukuta, kukipima uzito, kukikausha, kisha kukipima tena.

Wengi huruka yote haya na kupiga saruji. Saruji, kama rangi ya mafuta, huziba pumzi ya ukuta. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, na baada ya misimu michache doa la magotini limefika kiunoni. Dawa yake ni kubandua saruji hiyo taratibu na kurudishia lipu ya chokaa.

Kuvu hufutwa mwisho, chanzo kikishajulikana, na mwenye pumu asikabidhiwe kazi hiyo.