Kupanda miamba Kenya si Mlima Kenya peke yake

Wengi huamini kwamba kupanda miamba nchini Kenya ni kufika kilele cha Mlima Kenya, na kwamba aliyesimama Lenana, kimoja cha vilele vya mlima huo, penye mita 4,985, amekwisha kuwa mpanda miamba. Dhana hiyo ina makosa mawili. Lenana hufikiwa kwa miguu, ingawa ni safari ngumu inayostahili heshima. Vilele vinavyodai kamba, kofia ngumu na ujuzi wa miaka ni Batian, wenye mita 5,199, na Nelion ulio jirani yake.

Kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kusahau miamba iliyo karibu na watu. Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa karibu na Athi River, imewafunza wapandaji wa Nairobi kwa vizazi, na ina majabali mafupi yanayopandwa bila kamba. Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna Mnara wa Fischer, mabaki ya lava iliyoganda katika koo la volkano. Kaskazini, mlima wa Ololokwe unasimama juu ya nyika ya Samburu, na kuta zake ndefu hazimfai anayeanza.