Raba haitanuki: maswali ya wakimbiaji wenye miguu migumu kuvalishwa

Tangu vikundi vya mazoezi vijae hapa Unguja, kila Jumatatu kwenye chumba chetu cha kufungia vidonda hawakosekani wakimbiaji wawili watatu wenye kucha nyeusi na malengelenge yaliyopasuka. Miguu yao ina maumbo yake, raba wamenunua kwa rangi. Maswali yanajirudia, basi nayajibu hapa.

Nitajuaje mguu wangu ni wa aina gani?
Lowesha unyayo, kanyaga sakafu kavu ya saruji, kisha tazama alama. Ukionekana unyayo mzima, una nyayo bapa. Kikionekana kisigino na sehemu ya mbele tu, una upinde mkubwa. Mguu mpana, au wenye nundu ubavuni mwa kidole gumba, hauhitaji maji, macho yanatosha.

Nyayo bapa ni ugonjwa?
Kama haziumi, hapana. Watoto wadogo karibu wote wanazo. Anayeumwa ndiye aje.

Raba inanibana kidogo. Si itatanuka nikikimbia nayo?
Haitanuki. Kitambaa cha juu hulegea kidogo, lakini soli, ambayo ndiyo inayoamua upana, haisogei hata unywele. Kinachosogea ni kidole chako.

Mbona makubadhi yangu yalitanuka?
Yale ni ngozi, na fundi anaweza kuyatanua kwa kalibu. Raba ya kukimbilia haitanuki. Hata ukiilowesha, hata ukiilaza na magazeti ndani usiku kucha, haitanuki.

Basi nichukue namba kubwa zaidi?
Namba hupima urefu, wewe unakosa upana. Ukipanda namba mbili, kisigino kinacheza, unajikwaa, na vidole vinateleza kugonga mbele. Tafuta herufi ya upana kwenye boksi: kwa wanaume D ni ya kawaida, 2E ni pana, 4E ni pana zaidi, kwa wanawake B ni ya kawaida na D ni pana. New Balance, Brooks na ASICS hutoa baadhi ya raba zao kwa upana tofauti.

Za mtumba je, pale Darajani?
Sizikatai, mshahara wangu naujua. Ila iweke raba mahali tambarare uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, irudishe: imeshafuata mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kisha toa soli ya ndani, iweke chini, isimamie. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, raba hiyo si yako, hata muuzaji akiapa. Jaribu jioni miguu ikishavimba, ukiwa na soksi za kukimbilia, miguu yote miwili, umesimama. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wapo ambao kidole cha pili ndicho kirefu, pimia hicho.

Nina upinde mkubwa, kamba zinaniumiza juu ya mguu.
Ruka matundu yaliyo juu ya pale panapouma, na chagua soli nene iliyo laini.

Nina sukari, lakini raba haiumi kabisa. Niendelee?
Hapa subira yangu huisha. Kutoumwa ndiyo hatari yenyewe. Sukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, raba ikakuchuna nawe unakimbia umefurahi. Bwana mmoja alikimbia na kokoto ndani ya raba kutoka Maisara hadi kwake. Aliijua alipoona damu kwenye soksi. Kung'uta raba kabla ya kuvaa. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo, au mwambie mwanao akutazamie.

Ni kidonda kidogo tu. Nikakioshe baharini kwanza?
Usiende baharini. Bahari yetu ya vuguvugu ina vijidudu vinavyopenda kidonda cha mwenye sukari. Usimwagie unga wa kapsuli, usikate sugu kwa wembe. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, uje leo.

Nikisubiri siku mbili tatu nione kinavyokwenda?
Leo. Waliosubiri waone ndio tunaowakata vidole.

Na kama leo ni sikukuu?
Dharura haifungwi. Njoo leo, na hiyo raba iliyokuchuna uje nayo mkononi, siyo mguuni.