Uchache wa Sanamu za Wanawake Hautokani na Uhaba wa Wanawake Mashuhuri

Imezoeleka kudaiwa kwamba sanamu za wanawake ni chache katika viwanja vya umma kwa sababu historia haikuwa na wanawake wengi wa kuenziwa. Dai hilo halina msingi. Umbo la kike limechongwa tangu zamani, ila mara nyingi huwakilisha wazo, kama vile haki au ushindi. Sanamu ya Uhuru ilizinduliwa New York mwaka 1886, ilhali katiba ya Marekani ilikuja kulinda kura ya wanawake mwaka 1920. Katika bustani ya Central Park, jijini humo humo, walikuwepo Alice na Juliet, wahusika wa kubuni tu, lakini hapakuwa na sanamu ya mwanamke aliyepata kuishi hadi Agosti 2020, walipowekwa watetezi wa haki za wanawake Sojourner Truth, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, wakiwa wamezunguka meza, Stanton akishika kalamu. Wote watatu walikuwa wamefariki zaidi ya karne moja kabla, na sifa zao zilijulikana vyema. Kilichokosekana, na hili linasikitisha, ni utashi wa wale wanaoamua nani achongwe na nani agharamiwe. Jijini London, Millicent Fawcett, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alisimamishwa katika uwanja wa Parliament Square mwaka 2018, baada ya sanamu za wanaume 11.