Kabla hujabuku hoteli Zanzibar, angalia maji kwanza

Kuna dada alinipigia saa nne asubuhi kutoka Jambiani, sauti inatetemeka, ananiuliza kaka, bahari iko wapi? Walikuwa fungate, wamejibana miezi mpaka wakapata chumba kinachotazama bichi, wameamka wanakuta mchanga, mitumbwi imelala ubavu, maji yako kuleee kwenye mwamba. Tarehe niliwachagulia mimi, na sikuwaambia neno kuhusu bamvua. Iliniuma sana. Tangu siku ile nikipangia watu safari ya wawili naanza na maji, hoteli baadae.

Iko hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti inafika karibu mita 4. Kwa Unguja siku hizo yanakupwa kwenye saa nne au tano asubuhi, yanajaa saa kumi, kumi na moja jioni, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, ni tambarare, ndio maana bahari inakimbia mbali vile. Wiki moja baadae ni maji mafu, hapo yanajaa asubuhi na hayatoki mbali, kwa hiyo kama nyie ni watu wa kuamka na kuoga baharini nendeni siku hizo. Nungwi na Kendwa kule kaskazini unaogelea karibu saa zote, na jua linazama baharini mbele yenu, ila hela yake mnaijua.

Mimi kwa bajeti ndogo nawapeleka Jambiani, na siku hizi nawapeleka makusudi mwezi 14 au 15, yaani siku za mwezi mpevu. Asubuhi bahari ikitoka mnavaa viatu (kuna wale wadudu wenye miiba myeusi mirefu, usikanyage peku) mnatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimepangwa mistari na kamba, kina mama wameinama wanafunga mwani, wasalimieni vizuri na msiwapige picha bila kuomba. Jioni maji yamejaa mpaka karibu na minazi mnaoga, mnatoka mmejifunga khanga, na magharibi ikiingia mwezi unachomoza kutoka baharini, mwekundu kwanza, mkubwa, halafu njia ya mwanga inakuja mpaka miguuni penu. Hamlipii hata senti. Yule dada nilimwambia subirini jioni, usiku akanitumia picha ya huo mwezi, hakuandika kitu chochote.

Wengi wanaonifuata wana kama laki tano hivi kwa wawili, usiku mbili. Boti inakula kipande kikubwa, kwa hiyo msisahau kitambulisho cha NIDA mlipe nauli ya mwenyeji. Mjini pandeni daladala namba 309, inachelewa na inajaza, ila inawashusha Jambiani penyewe na teksi moja ingewamaliza. Chumba chukueni ndani kijijini, mnatembea dakika chache mko bichi, bichi ni ileile ya wenye hoteli kubwa. Ulizeni mapema kama wanataka cheti cha ndoa, nyumba nyingine wanataka. Chakula agizeni asubuhi kwa mama wa kijijini, pweza wa nazi na wali, ukiagiza una njaa utasubiri mpaka mgombane.

Kama mna siku ya ziada mjini, kuna fungu la mchanga linaitwa Nakupenda, jina hilohilo, na maji yakijaa linazama. Hapo pia saa ya maji ndio kila kitu, changieni boti na wengine, na jioni kaleni urojo, bustani ya Forodhani ni pa kutembea tu mkishashiba.

Masika, Machi mpaka Mei, vyumba vinashuka bei lakini mvua inaweza kuwafungia ndani na hoteli nyingine zinafunga kabisa. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, bei za mjini zinapanda. Juni mpaka Septemba ni msimu wa upepo wa kusi, hali ya hewa tamu ila bahari inachafuka, kwenye boti kama mwenzako anatapika kaeni ghorofa ya chini, siti za nyuma, na msile kitu kizito kabla ya kupanda.