Taka za Zanzibar: tunayoamini, na yaliyopo nyuma ya hoteli

Kila msimu wa wageni ukianza mabishano ni yale yale. Mmoja anasema wenyeji wachafu, mwengine anasema watalii ndo wanaharibu, wa tatu anasema serikali imelala, na wote wanaipenda Zanzibar kwelikweli lakini wanachobishania sicho. Mimi nakaa huku, na ninavoona karibu kila dhana potofu kuhusu taka inatokana na kitu kimoja, tunaangalia hoteli upande wa baharini tu. Ukizunguka kule nyuma, upande wa kijiji, mambo yanajieleza yenyewe.

Tuanze na hii: "Bichi nyeupe mbele ya hoteli ni bichi safi."

Ni nyeupe sababu kuna vijana wameamka alfajiri wameifagia kabla mgeni hajatoka chumbani, basi. Kilichofagiwa kiko mahali fulani na hapo ndo swali lenyewe linapoanza. Halafu ukiangalia kwenye yale matoroli, sehemu kubwa sio taka, ni mwani. Mwani uliotupwa na maji unashika mchanga, unalisha kaa na ndege, ni sehemu ya pwani toka enzi na enzi. Ukiuzoa kila siku unazoa na mchanga wake, ufuo unapungua, mwisho mwenye hoteli anajenga ukuta kuzuia maji na ukuta nao unazidisha ufuo kuliwa pale jirani. Kwaiyo tunafagia kisichokua taka kwa bidii zote, na plastiki iliyochanganyika ndani yake inaenda nayo kutupwa huko nyuma, haichaguliwi.

"Wenyeji hawana utamaduni wa usafi."

Hii inaniuma, niseme ukweli. Kila kijiji cha pwani kilikua na jaa lake, na jaa lilikua linafanya kazi vizuri tu. Watu walitupa makumbi, maganda ya muhogo, majani, mifupa ya samaki, kuku wanapekua, masika ikipiga vinaoza, baadae mtu anachota udongo wake anaotesha mpapai. Tabia za watu hazijabadilika, kilichobadilika ni kinachoingia jaani. Leo kuna pampasi, chupa za maji, paketi za sabuni, ndala zilizokatika, na hivi haviozi, vinakaa pale pale mpaka upepo uje. Umemletea mtu bidhaa za plastiki mpaka mlangoni lakini gari ya kuzichukua hujamletea, halafu unamwambia mchafu.

Na tukumbuke hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya laki sita. Ni kweli mgeni anakaa siku chache anaondoka, lakini mgeni mmoja kwa siku anatoa taka nyingi kuliko mtu wa kijijini, yaani chupa za maji, chupa za bia na mvinyo, vijisabuni na shampuu za chumbani, chakula kinachobaki kwenye bufee, taulo za karatasi. Na wageni hawajasambaa kisiwa kizima, wamejazana Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, Jambiani, vijiji ambavo miaka sio mingi nyuma vilikua vya wavuvi tu.

Upande wa pili kuna wanaoamini mgeni kutoka nchi zilizoendelea hatupi ovyo sababu amelelewa hivo. Angalia Everest. Ule mlima unapandwa na watu wenye pesa na elimu zao, na ulijaa mitungi ya oksijeni, mahema na kinyesi mpaka Nepal mwaka 2014 wakaweka sheria kila timu iache amana ya dola 4,000, na kila mpandaji ashuke na kilo 8 za taka ndo amana irudi. Kumbe mtu akiwa mbali na kwao, amechoka, na hakuna anaemuuliza, anaacha. Hata hapa kwetu chukua koleo uchekeche mchanga wa bichi yoyote yenye baa utakuta vipisi vya sigara vimejaa, na wengi hawajui kwamba kile kichungi sio pamba wala karatasi, ni plastiki. Akikifukia na kidole mchangani anaona amefanya ustaarabu.

"Zile zote zimeletwa na bahari, sisi tufanye nini." Hii ina nusu ya ukweli na ndo maana haifi. Kusi ikivuma, pwani ya mashariki inapokea vitu vingi kutoka bahari kuu. Kule Aldabra, kisiwa cha Shelisheli ambacho hakina mji wala hoteli, mwaka 2019 walisafisha wakatoa tani 25 za taka, uzito mwingi ukiwa nyavu na kamba za uvuvi, na ndala zikiwa nyingi mno. Nani alizitupa kule? Hakuna mtu wa kule. Kwaiyo ndio, bahari inaleta. Lakini chupa inayookotwa Paje ina lebo ya maji yanayouzwa duka la Paje, na mvua kubwa ikinyesha mjini mitaro ya mitaa ya Ng'ambo inasomba kila kitu mpaka baharini, hilo sio Indonesia wala nani, ni sisi. Bahari inaleta na bahari inarudisha.

Sasa hii ndo ningependa watu wenye hoteli ndogo, gesti na bangaloo waisome polepole: "Chimba shimo, tupa, choma, fukia, yameisha."

Bara labda mtu anaweza kujitetea kidogo, kuna udongo mzito wa mfinyanzi. Huku mashariki na kusini ya Unguja ardhi ni maweni. Ni jiwe la matumbawe ya zamani, lina matundu, nyufa, mapango, udongo juu yake ni kiduchu, sehemu nyengine unachimba kidogo tu unagonga jiwe. Maji ya mvua hayatuami yanazama moja kwa moja. Na Unguja hatuna mto mkubwa wala ziwa la kutegemea, maji mengi tunayokunywa ni ya chini ya ardhi, ya visima na mapango na visima virefu vinavyopampu kwenye matangi. Maji haya matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na hayana chujio la udongo juu yake la kuyalinda. Yaani ukichimba shimo la taka kwenye maweni umefungua mlango wa kisima cha mtu. Betri za rimoti, rangi, dawa za bwawa la kuogelea, mafuta ya jenereta, maji yanayotoka kwenye chakula kilichooza, vyote vinashuka na mvua. Na karo za vyoo ni hivo hivo, karo likichimbwa na lisijengwe sakafu, halijai, na mwenye nyumba anafurahi karo langu halijai miaka yote, wakati halijai sababu linavuja, linaenda kisimani au linaibukia baharini maji yakikupwa.

Kuchoma nako kunadanganya macho. Moto wa shimoni hauna joto la kutosha kumaliza plastiki, unaibadilisha kua moshi, na plastiki kama mabomba na waya ikiungua inatoa sumu ya dayoksini, ile inayokaa mwilini na kwenye mafuta ya wanyama muda mrefu sana. Jivu linabaki na madini mazito na linashuka chini na mvua kama vile nilivosema. Na moshi ule upepo ukiwa wa kutoka baharini hauendi kwa mgeni, unaenda kijijini, kwa mama anaenyonyesha na kwa skuli. Anaechoma anaona amesafisha, na kweli upande wake ni safi.

Njia halali ya taka kwa Unguja ni dampo la Kibele, Wilaya ya Kati. Ukiwa Nungwi, ncha ya kaskazini kabisa, hiyo ni safari ndefu ya lori na mafuta yake na dereva wake. Hapo ndo unaelewa kwanini watu wanachimba mashimo, na kwanini wengine wanamlipa kijana mwenye toroli au gari ndogo "akatupe" bila kuuliza wapi, na yule kijana anaishia msituni barabarani huko sababu hela aliyopewa haifiki Kibele. Tusimlaumu yeye tu. Bei iliyolipwa ilikua bei ya msituni.

"Chakula na maganda sio taka, yanaoza." Shambani ndio. Kwenye sehemu inayopokea maelfu ya watu hapana. Kilimanjaro kule juu baridi inafanya ganda la ndizi au chungwa likae muda mrefu mno kuliko bondeni, na mabaki ya chakula yamewazoesha kunguru na panya kushinda kwenye kambi. Ndo maana hifadhi wanadai taka zishushwe na zinapimwa uzito, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi kupanda.

Zanzibar tuna ushahidi wetu wenyewe tena wa zamani. Wale kunguru wanaotusumbua, wanaokwapua chakula mezani, sio wa kwetu asili. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 na utawala wa Muingereza ili wasaidie kula taka za mji. Walikula, wakazaana, wakahamia mayai na makinda ya ndege wengine, wakavuka mpaka bara. Kumekua na kampeni za kuwatega na kuwapa sumu na bado wapo. Bufee likimwagwa wazi nyuma ya jiko la hoteli kila usiku, unawafuga. Mabaki yale yale yakifanywa mboji yenye kufunikwa, au yakapelekwa kwa mfugaji, ni mali, hasa kwenye maweni ambako udongo wenyewe ni wa kutafuta.

"Hii imeandikwa inaoza, haina shida." Watafiti wa chuo kikuu cha Plymouth, Uingereza, mwaka 2019 walitoa matokeo ya mifuko waliyoiacha miaka mitatu, mengine ardhini mengine baharini, na mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza bado ilikua inabeba vitu vya dukani. Vikombe na mirija mingi ya plastiki ya "mahindi", yaani iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi, inahitaji mtambo wa mboji wenye joto kali, na ukiitupa Jambiani itakaa kama plastiki nyengine tu. Mgeni analipa zaidi akiamini anasaidia, inasikitisha.

Kuhusu sheria, wapo wanaosema marufuku hayasaidii. Yamesaidia. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, mapema kabla ya wengi, Kenya wakafata Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na hali ya mifuko barabarani sio ile ya zamani hata kidogo. Kenya wakaongeza Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa kwenye hifadhi na fukwe zilizolindwa. Sema chupa ya maji imebaki inatamba huku kwetu na ndo inayojaa sasa.

Na hapo inaingia "tutarisaiko tu." Nawapenda wanaofanya hii kazi. Kampuni ya Chako hapa Unguja wanachukua chupa za glasi za mahotelini wanatengeneza glasi na taa, na jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, pamoja na ndala elfu thelathini, lilisafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa 2019, nilifurahi sana. Ila tusijidanganye kuhusu wingi. Plastiki zote zilizowahi kutengenezwa duniani mpaka 2015, zilizorejelezwa ni kama asilimia 9 ya zilizokua taka. Kisiwa hakina kiwanda cha kuyeyusha kila kitu, kila kilo lazima ivuke maji kwenda bara na nauli ya kuvusha inakula faida ya muokotaji.

Kitu kinachofanya kazi kipo mbele ya macho yetu na hakijaja na mradi wowote. Ile soda ya chupa ya glasi. Umewahi kuona chupa za soda za glasi zimezagaa ufukweni? Huzioni sababu duka limeweka dhamana kwenye kreti, chupa ikipotea mtu analipa, kwaiyo hata mtoto anaikimbiza kuirudisha. Soda ile ile kwenye chupa ya plastiki, mnywaji yule yule, bichi ile ile, inatupwa. Hapo hakuna utamaduni wala elimu iliyobadilika, imebadilika dhamana. Chupa ya maji ya plastiki ingekua na hata shilingi mia ya kurudishiwa dukani, naamini mwezi haupiti zote zingekua zimeokotwa.

La mwisho ni siku ya usafi. Fanyeni, vijana wajitolee, sina neno baya. Lakini Boracay, Ufilipino, walikua na bichi iliyosifiwa dunia nzima na iliyofagiwa kila siku, na serikali ikaifunga miezi sita, Aprili 26 mpaka Oktoba 26 mwaka 2018, sababu majitaka ya mahoteli yalikua yanaingia baharini. Fagio haifiki kwenye bomba.

Kwaiyo ukija Nungwi au Paje, uwe mzungu, uwe umetoka Dar au Nairobi, kabla hujalipa chumba muulize mwenye hoteli taka zake zinaenda wapi na karo lake linanyonywa na nani, mara ngapi. Kama hoteli inatumia madumu makubwa ya maji ya kujazia badala ya vichupa utaiona mwenyewe. Akikwambia kuna mtu anakuja kuchukua, uliza anapeleka wapi, na kama anao risiti ya Kibele.