Podikasti ya Somo Si Mhadhara Uliorekodiwa

Mhadhiri anayeanza kutumia podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyopakuliwa mtandaoni na kusikilizwa wakati wowote, mara nyingi huweka simu mezani, akarekodi mhadhara wote wa saa mbili, kisha akautuma kwa wanafunzi. Wachache huumaliza. Ukumbini mhadhiri husema "kama mnavyoona hapa" huku akionesha ubao, ilhali anayemsikiliza ndani ya daladala kutoka Tunguu kwenda Darajani, Zanzibar, haoni chochote.

Kipindi cha podikasti huandaliwa kwa ajili ya sikio. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa hoja moja, kwa mfano sababu ya visima vya karibu na pwani kuingiwa na chumvi pale maji ya chini ya ardhi yanapovutwa kupita kiasi. Mhadhiri aeleze hoja, ataje mahali wanafunzi wanapopajua, arudie istilahi mpya polepole, kisha aache swali litakalojadiliwa darasani. Michoro na majedwali yabaki kwenye karatasi, kwani hakuna sauti, hata iwe tamu vipi, itakayomfanya mtu aelewe jedwali la safu sita.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiliwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza iPod, vifaa vidogo vya kusikilizia sauti zilizohifadhiwa. Siku hizi simu ya kawaida inatosha. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban nusu megabaiti kwa dakika, hivyo kipindi cha dakika 15 hakizidi sana megabaiti 7. Mwanafunzi wa kampasi ya Mchangamdogo, Pemba, anaweza kukipakua mara moja pale mtandao unapokuwa mzuri, akakisikiliza baadaye bila ya bando, jambo ambalo redio haimpi.

Kurekodi hakuhitaji studio. Chumba kidogo chenye zulia na mapazia mazito hupunguza mwangwi. Feni na kiyoyozi vizimwe, na simu iwekwe umbali wa shubiri moja, kando kidogo ya mdomo, ili pumzi za herufi "p" na "b" zisigonge kinasa sauti. Ratiba nayo izingatie nyakati za sala: Mji Mkongwe, anayeanza kurekodi karibu na alasiri lazima asimame adhana inapoingia, na ni adabu asimame.

Kwa mawasiliano ya chuo, kwa maoni yangu, podikasti haifai kutangazia tarehe za usajili au ada, hayo yaandikwe. Inafaa zaidi kwa mtafiti kuwaeleza wakulima wa mwani wa Paje au Jambiani, kwa Kiswahili chao, alichokigundua katika maji wanayolimia. Akiwahoji, awaombe ridhaa kabla ya kurekodi na awaeleze sauti zao zitasikika wapi.

Kila kipindi kiambatane na maandishi yake kamili. Mwanafunzi kiziwi hana njia nyingine ya kukifuata, na hata anayesikia huyahitaji anapotafuta istilahi moja usiku wa kuamkia mtihani.