Siyo mbali, ila njia

Ukimuuliza mkulima wa viazi wa milima ya Uporoto kama lami iko mbali, atakujibu: "Siyo mbali, ila njia." Nafundisha jiografia ya uchumi hapa Mbeya, na sijapata maelezo ya nafasi, yaani mahali vitu vilipo na umbali kati yake, yanayozidi hayo kwa ufupi na usahihi.

Kwa mchumi wa kanda, nafasi kwanza ni gharama. Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani aliyekuwa na shamba lake Tellow, alilieleza hilo mwaka 1826. Aliwaza mji mmoja katikati ya tambarare yenye rutuba sawa kila upande, mazao yakienda sokoni kwa mikokoteni. Alihesabu hata nafaka wanayokula farasi njiani: safari ikirefuka mzigo unapungua, hadi unafika mahali ambapo kulimia mji ule hakulipi. Ndiyo maana maziwa na mboga, vitu vya kuharibika, vinakaa kwenye duara la kwanza, jirani na mji. Kuni nazo zinafuata, maana ni nzito na bei yake ndogo. Mifugo iko mwisho kabisa, kwa sababu inatembea yenyewe.

Huku kwetu farasi ni bodaboda. Asubuhi moja ya Machi nilisimama na mama mmoja kando ya njia, magunia yake ya viazi yamefunikwa turubai. Pikipiki ilibeba gunia moja moja, dereva akishuka kila mara kuisukuma kwenye tope. Chini kwenye lami Fuso ilikuwa inapakia kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Mama akanionyesha: "Mwalimu, soko langu ni lile gari. Dar siijui." Nauli ya kile kipande kifupi ndiyo iliyokuwa inamuumiza. Maduara ya von Thünen, yakifika Uporoto, yanavutika na kuwa mikanda inayofuata barabara.

Lakini gharama haimalizi habari. Mwaka 1950 mchumi Mfaransa François Perroux alikataa kuiona nafasi kama chombo cha kutiliwa shughuli. Kwake, kiwanda kinaenea hadi wanakofika wauzaji na wanunuzi wake. Itazame Makambako. Ardhi haikusogea hata inchi, ila reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, barabara kuu na ile ya Songea zimekutana pale, na mji umekua. Tunduma nayo, mpakani: kuingia Nakonde, upande wa Zambia, ni hatua chache kwa miguu, lakini lori la kwenda Zambia au Kongo, foleni ikiwa mbaya, hulala hapo.

Niliwahi kushuhudia soko la mazao likipangwa kwa kuchora duara la kilomita 10 kwenye ramani. Ndani ya duara lile kulikuwa na korongo. Wakulima wa ng'ambo waliendelea kumuuzia dalali aliyewafuata mlangoni, kwa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, kwa bei yake. Tangu hapo, wanafunzi wangu wanaanza kwa kuuliza nauli ya gunia, kiangazi na masika, ndipo wanafungua ramani.